Urafiki Kizimbani: Kauli ya Kutendana na Kauli ya Kutendwa katika Mchezo wa Mahakama na katika Mahakama za Kisii na Nyamira

1. Utangulizi

Kila mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa mapema kwamba kitenzi hunyambulika. Kutokana na piga tunapata pigwa, pigana, pigia, pigisha na kadhalika. Aghalabu somo hilo huanzia ubaoni na kuishia ubaoni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti baina ya kauli mbili miongoni mwa hizo, yaani kauli ya kutendana na kauli ya kutendwa, ni jambo linalovuka mipaka ya darasa. Katika chumba cha mahakama tofauti hiyo yaweza kumpeleka mtu gerezani au kumrudisha kwao. Yaweza pia kumnyima haki mtoto aliyedhulumiwa.

Uwanja wa uchunguzi wetu una pande mbili. Upande wa kwanza ni mchezo wa mahakama katika televisheni ya Kenya, na hasa mfululizo mashuhuri wa Vioja Mahakamani. Upande wa pili ni mahakama halisi za Kisii na Nyamira, mahali ambapo mlalamikaji, mshtakiwa na mashahidi huwa mara nyingi ni majirani, jamaa au marafiki wa tangu utotoni. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Mashamba yao ni madogo na yamebanana. Mtu akimshtaki mwenzake leo, kesho watakutana kisimani, sokoni au katika kituo cha kupimia majani chai. Basi swali la haki na urafiki haliepukiki huko, na swali hilo lina sura yake ya kisarufi.

2. Mchezo wa mahakama katika televisheni

Televisheni ilianza nchini Kenya mwaka 1962. Vioja Mahakamani ulianza kuonyeshwa zama za Sauti ya Kenya, ukaendelea baada ya chombo hicho kugeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC) mwaka 1989. Umbo lake ni sahili mno. Jukwaa ni moja: meza ya hakimu, nafasi ya mwendesha mashtaka, kizimba, na viti vya wasikilizaji. Kila sehemu ina kesi yake, na kesi hiyo humalizika kwa hukumu kabla ya muda wa kipindi kwisha.

Wachambuzi wengi wa mchezo huu wameshughulikia lafudhi. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya kicheko ilitokana na Kiswahili kilichosemwa kwa matamshi ya lugha za mama, kama walivyofanya wahusika Ondiek, Makokha na Masaku. Lakini kicheko hicho kimetuziba macho tusione jambo lenye uzito zaidi. Wahusika hao hurudi wiki baada ya wiki. Mtazamaji huwajua kama mtu anavyowajua majirani wa mtaani kwake. Huyu aliyesimama kizimbani leo kwa kosa la wizi ndiye aliyekuwa shahidi wa mwenzake juma lililopita. Kwa hiyo mtazamaji huingia mahakamani akiwa na habari ambayo hakimu wa mchezo hana wala haiulizii, nayo ni kwamba watu hawa wana maisha ya pamoja nje ya kesi.

Hapo ndipo kioja chenyewe kilipo. Mshtakiwa wa mchezo anapoulizwa swali, hujaribu kusimulia maisha hayo ya pamoja: walivyojuana, walivyokopeshana, walivyokoseana. Mwendesha mashtaka humkatiza na kumtaka ajibu kilichoulizwa. Sisi twacheka. Lakini kinachogongana pale ni namna mbili za kusimulia tukio lile lile, na kila namna ina kauli yake ya kitenzi.

3. Kauli mbili na kazi zake

Tutazame orodha fupi. Maneno tunayoyatumia kwa urafiki na ujirani ni kama haya: pendana, aminiana, saidiana, tembeleana, kopeshana, sikizana, elewana, patana, sameheana. Hata urafiki unapovunjika hatuiachi kauli hiyo. Husemwa kwamba watu wamekosana, wamegombana, wametengana. Sasa tutazame maneno ya mahakama: kamatwa, shtakiwa, tuhumiwa, hojiwa, dhaminiwa, hukumiwa, fungwa, achiliwa. Urafiki husema kwa -an-. Mahakama husema kwa -w-.

Msomaji aweza kutukosoa kwamba kuna shtakiana na kuna pendwa. Ni kweli. Hatudai kwamba sarufi inazuia lolote kati ya hayo. Tunachodai ni kwamba katika matumizi, kila uwanja una kauli inayoutawala, na kwamba uteuzi huo una maana.

Maana hiyo huonekana wazi zaidi katika nomino zinazozaliwa na vitenzi hivi. Kauli ya kutendwa huzaa mtu mmoja aliyesimama peke yake: mshtakiwa, mtuhumiwa, mdaiwa, mfungwa, mwathiriwa. Kauli ya kutendana, kwa upande mwingine, mara nyingi huzaa jambo, na jambo hilo huja katika ngeli ya ma-: mapatano, makubaliano, maelewano, masikizano, mapigano. Kwa hiyo kauli ya kwanza hutupa mtu bila uhusiano wake, na ya pili hutupa uhusiano bila kututajia watu. Tabia hii ya nomino tutaihitaji baadaye, kwa sababu ndiyo chanzo cha nguvu ya kila kauli na ndiyo chanzo cha hila yake.

Yafaa pia tukumbuke asili ya baadhi ya maneno. Rafiki ni neno la Kiarabu ambalo maana yake ya awali ni mwenzi wa safari. Mahakama, hakimu, hukumu na hekima yote yanatokana na shina moja la Kiarabu. Lakini mwamuzi ni neno la Kibantu, na kitenzi chake amua kina maana ya kuwatenganisha watu wanaopigana, kabla ya maana ya kukata shauri. Hivyo basi Kiswahili kina picha mbili za mtoaji haki. Hakimu huketi juu akasema neno la hekima. Mwamuzi huingia katikati ya wagombanao na kusimama baina yao. Picha ya kwanza yahitaji kizimba. Ya pili yahitaji watu wawili walio hai, ambao kesho watakuwa bado majirani.

Wahenga nao walijua kwamba urafiki si rafiki wa haki nyakati zote. Walipoonya juu ya kumpelekea nyani kesi ya ngedere, walikuwa wakisema kwamba mwamuzi aliye wa ukoo mmoja na mdai atamwamulia jamaa yake. Lakini wao hao walionya pia kwamba ndugu wakigombana mtu achukue jembe akalime, na wakipatana achukue kapu akavune. Methali ya kwanza yamwonya anayetafuta haki kwa jamaa. Ya pili yamwonya mgeni anayejitia katika ugomvi wa jamaa. Zote mbili ni za kweli, na mahakama ya wilayani hulazimika kuzitii zote mbili kwa siku moja.

4. Mfano wa majani chai

Ili hoja ieleweke, tumebuni kesi ya mfano. Tuseme kuna wakulima wawili marafiki katika sehemu za Kebirigo, Nyamira. Mmoja wao amesajiliwa kwenye kiwanda cha majani chai na ana nambari ya mkulima. Mwingine hana. Kwa kuwa wanaaminiana, huyu wa pili hupeleka majani yake kituoni yapimwe kwa nambari ya rafiki yake, na malipo ya mwezi hugawanywa nyumbani bila karatasi. Mambo huenda vizuri hadi bonasi ya mwaka inapolipwa. Hapo mwenye nambari anasema kwamba fedha ni chache kuliko walivyotazamia. Maneno yanazuka, fimbo inainuliwa, mtu anaumia mkono. Mwenye nambari anakwenda kituo cha polisi, na yule mwenzake anashtakiwa kwa kumpiga.

Mahakamani mwendesha mashtaka anamwongoza mlalamikaji:

“Unamjua mshtakiwa?”
“Ni rafiki yangu tangu utotoni. Tumesaidiana sana.”
“Siku hiyo alikufanya nini?”
“Tulikosana juu ya bonasi, tukapigana.”
“Jibu swali. Alikupiga au hakukupiga?”
“Alinipiga.”

Mazungumzo hayo mafupi yana hatua tatu. Mlalamikaji anaanza kwa -an-: tumesaidiana, tulikosana, tukapigana. Mwendesha mashtaka anakikataa kiambishi hicho na kumpa kitenzi kisicho nacho. Mlalamikaji anakubali. Kuanzia hapo kesi si ya watu wawili waliopigana, bali ni ya mtu aliyepiga na mtu aliyepigwa.

Mtu asidhani kwamba mwendesha mashtaka ana makosa. Sheria ya jinai haiwezi kufanya kazi bila kumtaja mtenda na mtendwa. Hati ya mashtaka isiyosema nani alimfanya nani nini haina maana. Kadhalika “tulipigana” ni neno linaloweza kumlinda mnyonge na linaloweza kumlinda mkorofi, kwa kuwa linawagawia wote wawili kosa bila kupima nani alianza. Lakini kuna kitu kilichopotea. Habari ya nambari ya mkulima, ya kuaminiana bila karatasi, na ya bonasi, ambayo ndiyo kiini cha ugomvi, haina nafasi katika kitenzi “alinipiga”. Mshtakiwa akifungwa, fedha za majani hazijagawanywa. Akiachiliwa, bado hazijagawanywa.

Twapaswa kuongeza kwamba sheria ya ushahidi yautambua urafiki kwa njia mbili tu. Njia ya kwanza ni utambuzi. Mahakama ya Rufani ya Kenya ilieleza katika uamuzi wa mwaka 1980 kwamba kumtambua mtu unayemjua ni ushahidi wa kutegemewa zaidi kuliko kumtambua mgeni. Kwa hiyo “rafiki yangu tangu utotoni” huingia katika kumbukumbu kama “namfahamu mshtakiwa”. Njia ya pili ni uhasama. Shahidi huulizwa kama pana chuki baina yake na mshtakiwa. Akijibu kwamba hapana, jibu lake humwongezea mshtakiwa mzigo, kwani shahidi asiye na chuki hana sababu ya kumsingizia. Matokeo yake ni ya kustaajabisha: kadiri urafiki ulivyokuwa mwema, ndivyo ushahidi dhidi ya rafiki unavyokuwa mzito.

Mtazamo huu haukuanzia Afrika Mashariki. Wasomaji wa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere iliyotoka mwaka 1969, watakumbuka kwamba Antonio anafikishwa mahakamani kwa sababu alijiweka rehani kwa ajili ya rafiki yake Bassanio. Urafiki ndio ulioandika mkataba, lakini mahakama ya Venisi haina kipengele cha kuupimia urafiki. Portia anaomba huruma kwanza, na ombi lake linakataliwa. Kinachomwokoa Antonio hatimaye ni usomaji mkali wa maneno ya mkataba wenyewe. Shakespeare alijua, kama ajuavyo mtunzi wa mchezo wa televisheni, kwamba mtazamaji husisimka pale anapoona urafiki ukitafuta neno la kuingilia katika sheria na kulikosa.

5. Mkalimani na kumbukumbu

Katika mahakama za Kisii, Nyamira, Ogembo na Keroka jambo hili lina tabaka jingine. Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, kifungu cha 198, inasema kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Kifungu hicho hicho kinataka ushahidi ufasiriwe kwa mshtakiwa katika lugha anayoielewa. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo. Hizi si haki za mapambo. Mahakama ya Rufani imewahi kubatilisha hukumu kwa sababu kumbukumbu hazikuonyesha lugha iliyotumika kumfasiria mshtakiwa.

Shahidi mzee wa Nyamira huweza kusema Ekegusii. Karani wa mahakama akafasiri. Hakimu akaandika kumbukumbu kwa Kiingereza. Ekegusii, ambayo Guthrie aliipa nambari E42, ni lugha ya Kibantu na ina kauli zote mbili tunazozizungumzia. Ogwancha, yaani kupenda, huzaa ogwanchana, yaani kupendana. Kwa hiyo baina ya Ekegusii na Kiswahili hakuna sababu ya kisarufi ya kuupoteza utendano. Mkalimani mwaminifu aweza kuuvusha mzima. Utendano hupotea kwa kawaida ya uandishi wa kumbukumbu, ambayo huchuja kila jibu hadi libaki lile tu linalothibitisha au kukanusha kipengele cha shtaka. Jaji wa rufani atakapoisoma kumbukumbu hiyo baadaye hatakuta omosani, yaani rafiki. Atakuta mtu anayemfahamu mtu.

6. Mlango wa suluhu

Je, sheria imeufunga kabisa mlango wa kauli ya kutendana? Haikuufunga. Kifungu cha 176 cha sheria hiyo hiyo ya mwenendo wa jinai kinairuhusu mahakama kuhimiza upatanisho katika makosa ya shambulio la kawaida, au makosa mengine ya kibinafsi yasiyo mazito, kwa masharti ya kulipa fidia au masharti mengine yatakayokubaliwa na mahakama. Kesi yetu ya majani chai ingeweza kupita katika mlango huo. Hakimu angeuliza juu ya bonasi; wazee wangeitwa; hesabu ingefanywa; mapatano yangeandikwa.

Mlango huu si mgeni kwa Wagusii. Kabla ya mahakama za serikali, mashauri yalikatwa na wazee, na majina ya vikao kama etureti na ritongo yangali yanakumbukwa. Serikali ya kikoloni ilivichukua vikao vya namna hiyo ikavigeuza vyombo vyake. Mwanaanthropolojia Philip Mayer, aliyeandika mwaka 1950 juu ya sheria ya mahari ya Wagusii, aliona jinsi shauri moja la mahari lilivyoweza kushika ukoo mzima, si watu wawili pekee. Mahakama za Kiafrika ziliunganishwa na mahakama za mahakimu kwa sheria ya mwaka 1967, na mzee wa kitongoji akabaki bila kiti rasmi.

Katiba ya mwaka 2010 ilimrudishia nafasi. Ibara ya 159 inaziagiza mahakama kuendeleza njia mbadala za kutatua migogoro, zikiwamo upatanisho, usuluhishi na njia za jadi. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliridhia ombi la upande wa mashtaka la kuondoa hata kesi ya mauaji, baada ya familia mbili kupatana na fidia kutolewa. Uamuzi huo ulizua mjadala mkubwa. Mwezi Agosti 2020, wakati Jaji Mkuu alikuwa David Maraga, ambaye ni mzaliwa wa Nyamira, Idara ya Mahakama ilizindua sera ya mifumo mbadala ya haki. Kwa hiyo kauli ya kutendana imepewa hadhi ya kisheria. Ndiyo maana hatuna budi sasa kuichunguza kwa ukali zaidi kuliko ilipokuwa maneno ya kijijini tu.

7. Pale kauli zinapoficha

Ibara ya 159 yenyewe imeweka mpaka: njia za jadi zisivunje Sheria ya Haki, wala zisiwe kinyume cha haki na maadili. Mpaka huu wa kisheria una alama yake ya kisarufi, nayo ni kiima cha kitenzi.

Tuchukue sentensi “wamepatana”. Ni akina nani? Katika kesi ya majani chai jibu ni rahisi: waliogombana ndio waliopatana. Lakini katika kesi ya msichana aliyenajisiwa, sentensi hiyo hiyo huweza kutamkwa mahakamani, na tukiichunguza tutakuta kwamba waliopatana ni baba wa msichana na baba wa mtuhumiwa, marafiki wa siku nyingi. Aliyedhulumiwa hayumo katika kiima. Kauli ya kutendana imewataja watu wawili, na kwa kuwa inaonekana kuwakamilisha wahusika wote, hatuulizi juu ya wa tatu. Hapa ndipo tabia ya nomino za ma- tuliyoitaja inapogeuka hila: “pana mapatano” ni sentensi isiyo na mtu hata mmoja ndani yake. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 iliiona hila hiyo. Kifungu chake cha 40 kiliuweka uamuzi wa kusitisha mashtaka ya aina hii mikononi mwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Familia hazina mamlaka hayo, hata zikipatana mara mia.

Lugha ya mtoto mwenyewe nayo ina mashaka yake. Kiswahili kina neno soni, lenye maana ya haya au aibu. Ekegusii ina chinsoni, neno la asili moja na hilo, lakini ambalo limekuwa jina la utaratibu mzima wa heshima baina ya vizazi: yale ambayo mzazi na mwana hawapaswi kuyaona wala kuyataja mmoja mbele ya mwingine. Sasa mtoto anatakiwa kusema mbele ya baba yake, wazee na wageni yale ambayo chinsoni inamkataza kuyasema hata nyumbani. Hapo Kiswahili humpa stara. Watoto wengi katika mahakama za Kenya husema “alinifanyia tabia mbaya”. Kwa muda mrefu mawakili wa utetezi walidai kwamba maneno hayo hayathibitishi kitu. Mahakama ya Rufani, katika uamuzi wa Malindi wa mwaka 2017, iliielewa haya ya mtoto na ikazitaka mahakama ziandike maneno ya mtoto kama alivyoyasema, kwa kadiri iwezekanavyo. Kwa mwanaisimu huo ni uamuzi wenye thamani kubwa. Unakiri kwamba tafsida ni ushahidi, na kwamba kuifasiri haraka ni kuiharibu.

Kauli ya kutendwa nayo ina maficho yake. Mwezi Mei 2008 watu wasiopungua 11, wengi wao wazee, walichomwa moto katika vijiji vya Kisii kwa madai ya uchawi. Mwezi Oktoba 2021 wanawake wanne waliokuwa wazee waliuawa kwa namna hiyo hiyo katika kijiji cha Nyagonyi, Marani. Tusome tena sentensi hizo mbili: walichomwa, waliuawa. Hazina mtenda. Sarufi inaturuhusu kumwacha, na habari zetu huandikwa hivyo. Shahidi wa kijijini naye huruhusiwa na sarufi hiyo hiyo kusema kwamba nyumba ilichomwa, wala asiseme na nani. Na kwa nini amwache mtenda? Kwa sababu mtenda ni jirani, ni omosani, ni mtu waliyesaidiana naye mavuno. Hapa urafiki haukuondolewa katika kesi na ukali wa mahakama. Umejificha ndani ya lugha ya mahakama yenyewe, nyuma ya kiambishi -w-, ukazuia haki isifike kwa mwanamke mzee ambaye naye alikuwa jirani wa watu hao.

Mchezo wa televisheni haukukosa kugusa mambo mazito, lakini umbo lake la kichekesho huutaka mkosaji ajulikane na hukumu itoke kabla ya wimbo wa mwisho. Kesi ambayo kijiji kizima kimeungana kumficha mtenda haikai katika umbo hilo. Watunzi wetu wangefaa kuijaribu. Jukwaa ni lile lile. Kinachotakiwa ni kumweka kizimbani shahidi anayejua jina na kumwacha ashindane na kitenzi chake.

8. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba urafiki na mahakama hupendelea kauli tofauti za kitenzi, na kwamba Kiswahili, kama Ekegusii, kina zote mbili. Hakuna kauli iliyo ya haki kwa asili yake. Kauli ya kutendana huokoa uhusiano, lakini yaweza kumsahau aliye mnyonge. Kauli ya kutendwa humtambua aliyedhurika, lakini yaweza kumsahau aliyedhuru.

Kutokana na hayo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, idara zetu za lugha zishirikiane na mahakama katika kuandaa kamusi ndogo ya istilahi za mahakama kwa Kiswahili na Ekegusii, itakayotenganisha kwa uangalifu msamaha, suluhu, fidia na hongo. Vitu hivi vinne hukaribiana mno katika maongezi, na kuvichanganya ni kuiuza haki bila kujua. Pili, makarani wanaofasiri mahakamani wafundishwe kuvusha kauli ya kitenzi kama ilivyo, ili “tulipigana” isigeuke “alinipiga” kabla hakimu hajaisikia. Tatu, wanafunzi wetu wapewe kazi ya kuchunguza kumbukumbu za kesi na hati za mapatano kwa maswali mawili mepesi.

Maswali yenyewe ni haya. Kila ionekanapo -an-, iulizwe: nani na nani, na ni nani aliyeachwa nje? Kila ionekanapo -w-, iulizwe: na nani?